Mguu wangu chini pale Lac Vert

Leo nimeshindwa mtihani wa Papa, baba yangu, na bado natabasamu.

Mimi na mdogo wangu Furaha tunapanga kutoka Goma kwenda Bukavu kwa baiskeli likizo kubwa, tukifuata ziwa na milima.

Papa alisema: "Mupande kwanza mpaka juu ya kilima cha Lac Vert. Mutu akiweka muguu chini, safari imekufa."

Tukapanda kwa baiskeli juu ya mawe ya volkano, yeye nyuma kwa pikipiki akitucheka: "Bukavu ni mbali, bamama!"

Karibu na kilele niligeuza kichwa.

Jamani.

Ziwa Kivu lote lilikuwa chini yetu, na milima inaingia majini, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka unashindwa kuitenga na mawingu.

Nikasimama. Mguu chini. Furaha naye vilevile.

"Papa, utusamehe," nilisema, machozi karibu.

Alikuwa amezima pikipiki, amevua kofia, anatazama.

"Miaka yote niko hapa Goma, sijaonaka hivi," akasema polepole. "Njia yenu itapita wapi?"

Nikamwonyesha ukingo wa ziwa, upande wa Minova.

"Basi, na mimi nitatafuta baiskeli."

Nani kati yenu anaweza kumwazima baiskeli baba mrefu sana?