Nailoni Niliyoifunga Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo cha Kilosa alinitazama kuanzia kilemba hadi raba, akauliza kama baba yangu anajua kwamba nimekuja kupanda nguzo. Nikamjibu kwamba baba ndiye aliyenileta kwa baiskeli yake. Hakucheka, ila alinikabidhi ngazi, na habari za uanamke wangu hakuzigusa tena.

Enzi zile waya wa kampuni yetu ulipeleka televisheni tu majumbani, kuanzia Mabwerebwere mpaka njia ya Chanzuru. Mkuu alinifundisha kuvisha konekta, kile kichwa cha chuma kinachounganisha waya na kifaa, na kuikaza kwa spana. "Vidole vinadanganya," alikuwa akisema. Kuzuia mvua nilibuni mwenyewe: nailoni mizunguko mitatu, juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli, kaza mpaka meno yaume. Mafundi wote wakaniiga. Nilivimba kichwa, sikatai.

Intaneti ilipoingia nikahamishiwa Mikumi, na nailoni yangu nikaenda nayo, chini ya Msimamizi aliyelingana kwa umri na mwanangu wa pili. Akitaka kunigombeza, alinipa shikamoo kwanza, niitikie marahaba, ndipo agombeze. Huko nilijifunza kwamba mawimbi yana njia mbili: ya kushuka, inayoleta vitu nyumbani, na ya kupanda, inayobeba sauti na picha yako kwenda nje. Ya kupanda ikidhoofu, modemu, kile kisanduku cha intaneti nyumbani, hupaza sauti kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, mpaka nguvu zinaiishia.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Rehema, nesi aliyekaa muda mrefu bila ajira. Usaili wake ulikuwa wa video, saa nne asubuhi. Saa mbili alinipigia: filamu zinacheza vizuri kabisa, lakini akiongea na dada yake, yeye anamsikia dada, dada hamsikii. Usaili wa kwanza uliharibika hivyo hivyo, wakamwandikia kwamba hakujibu maswali. Alikuwa karibu kulia.

Nilifika, nikafungua ukurasa wa modemu. Nguvu ya kupandisha ilikuwa imegota juu kabisa. Nikatoa spilita, kigawanyio cha kupeleka waya kwenye televisheni ya pili. Ikapungua kidogo tu. Nikabadilisha waya wa ndani. Bado. Saa tatu na nusu nikapanda nguzoni, na kwenye kiungo nikakuta nailoni na mpira wa tyubu, vimekazwa hasa. Nikautambua mkono wangu.

Nikakata kwa kisu, maji yakanitiririka hadi kiwikoni. Nailoni yangu ilizuia mvua, kweli, ila unyevu wa ndani haukupata pa kutokea, na shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kutu hiyo huionea njia ya kupanda kwanza. Jamani, niliona aibu! Nusura nishuke niseme tatizo liko kituoni.

Rehema alikuwa ameshikilia ngazi, tayari amevaa gauni la usaili.

"Mama, umeona nini?"

"Nimeona kazi yangu mbovu, mwanangu. Usaili wa kwanza niliuharibu mimi. Shikilia ngazi, huu hauharibiki."

Nikakata kipande kilichooza, nikavisha konekta mpya, nikakaza kwa spana, nikaiacha na kifuniko chake kinachopitisha hewa chini. Niliposhuka, modemu ilikuwa imetulia. Saa nne nikasimama jikoni, nikisikiliza. Sauti ya mwanamume upande wa pili ikasema, "Tunakusikia vizuri, endelea." Nilirusha ngumi hewani, mtu mzima mimi.

Nikampigia Msimamizi, nikamwaga yote kabla hajaniamkia. Akauliza nailoni hizo ziko nguzo zipi. Nikamwambia zote. Tulizikata Mikumi hadi Kilosa, mafundi wakinitania kwamba nafukua nilichozika. Malalamiko ya "hawanisikii" yakaisha, na nimestaafu hakuna hata nailoni moja iliyobaki juu.

Nyie mnaoingia kazini leo, mkifika penye tatizo anzeni kujishuku wenyewe. Mimi nilijishuku mwisho, na mtoto wa watu akakosa kazi ya kwanza kwa sababu yangu. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini barua ya ajira ilipofika, Rehema alinipigia mimi kwanza, ndipo akampigia mama yake.