Mishipa ya Watu Waliolala

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Desimali, kama wanafunzi walivyomwita kwa kukata alama hata kwa tarakimu ya nne baada ya nukta, alikuwa profesa mshiriki: cheo ambacho mwenye nacho huitwa profesa na watu wote isipokuwa maprofesa. Wanahisabati walimwona fundi bomba. Wahandisi wa tiba wakamwona mtu wa chaki. Faili lake la kupandishwa cheo lilizunguka baina ya idara hizo mbili hadi jalada likachanika. Sasa kamati ingeketi Ijumaa, na tegemeo lake lilikuwa makala moja iliyokwisha kuchapishwa jaridani: hesabu za kompyuta zilizoonyesha kwamba kijimrija kinachowekwa ndani ya mshipa wa paja ulioziba kitastahimili msukumo wa damu miaka ishirini.

Jumatatu aliipeleka michoro ya hesabu hizo wodini. Muuguzi mkuu akaitazama kwa adabu.

"Hawa wagonjwa wako, profesa, wamelala?"

"Wote, chali. Ndivyo tunavyowapima."

"Wa kwangu huinuka. Wengine nawafukuza hadi uani."

Muuguzi akacheka peke yake. Profesa alirudi ofisini, akafunga mlango, akamsimamisha mgonjwa wake ndani ya kompyuta. Jumatano alasiri jibu likatoka: ile miaka ishirini ilikuwa tisa.

Mkuu wa kitivo, aliyesoma naye, alimsikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Dada yangu, ngoja siku mbili tu. Jumamosi utasahihisha ukiwa profesa kamili."

"Na daktari akiisoma kesho?"

"Madaktari hawasomi hesabu."

"Ndilo ninaloliogopa. Wanaziamini bila kuzisoma."

Akaliandikia jarida mistari minne ya kuiondoa makala. Nyumbani alimkuta mumewe akipiga pasi suti ya sherehe.

"Nimeiondoa," alisema.

Mumewe akazima pasi. "Basi mguu huu wa suruali niuache na mikunjo yake. Tutaumalizia mwakani."

Kamati iliketi dakika sita, ikamtakia kila la heri. Faili likarudi idara ya hisabati, ambako tayari lilikuwa na rafu yake.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, profesa alikuwa wodini na mashine ya kupimia msukumo wa damu na daftari lenye safu mbili: kulala, kusimama. Mgonjwa wa kwanza, mzee fundi cherehani, alimkazia macho.

"Mwanangu, mimi silali wala sisimami. Kutwa nimekaa, mguu unakanyaga cherehani."

Profesa akachukua rula, akachora safu ya tatu.

"Haya, baba. Kaa kama unavyokaa kazini, na ukanyage."