Sauti Isiyo na Dirisha

Halafu mtu mzima na ndevu zake anakutazama usoni anakwambia, "Si unabadilisha jina tu pale juu, kwisha!" Kwisha nini? Nani kakwambia kwisha? Kiraka aliambiwa hivyo hivyo, akaamini hivyo hivyo, na nyumba yao ikaingiwa na mzuka mchana kweupe. Kwa hiyo nyamazeni kwanza, msikie.

Kiraka ni binti wa kibanda cha kutengeneza kompyuta. Jina walimpa wateja, maana kila kinachopita mikononi mwake kinarudi kimebandikwa kitu: gundi hapa, utepe pale, ila kinafanya kazi. Shule aliiacha njiani. Hasira anazo karibu, kama mafuta ya taa, usipite na kiberiti. Paithoni, ile lugha ya kuandikia programu, alifundishwa na kaka yake kwenye benchi moja, goti kwa goti, kaka akimgonga kichwani na kalamu kila akisahau kuweka nukta mbili mwisho wa mstari.

Kaka huyo ndiye aliyeandika ile programu. Mama yao alipopigwa na kiharusi, ulimi ulilala na mkono wa kulia ukalala nao. Akili ikabaki macho, kali kama wembe, imefungiwa ndani. Kaka akakaa chini, akamtengenezea dirisha moja kubwa kwenye kompyuta, vitufe vinene kama matofali, kila kitufe na neno lake. Mama anabonyeza kwa kidole cha kushoto, kompyuta inasema. Sauti alijirekodi mwenyewe, kajifungia ndani ya kabati la nguo ili makelele ya barabarani yasiingie. "Kiu." "Nigeuzeni." "Zimeni hiyo redio." Na kwa kuwa mama yake anamjua, akamwekea na "Muone kwanza!" na "Nyamaza, hujui kitu." Kwenye "Nipo," ukitega sikio, utasikia hanga ya koti inagonga ubao wa kabati: ko.

Akaongeza kitu kimoja. Mama akikaa sana bila kubonyeza, programu yenyewe inamuuliza, "Mama, upo?" Mama anabonyeza, "Nipo." Siku zile ilikuwa mchezo wao. Kaka anauliza, mama anajibu kwa sauti ya kaka, halafu mama anacheka kwa ule upande wa uso uliobaki.

Kisha kaka akafa. Homa, hospitali, jeneza. Sauti ikabaki sebuleni.

Shangazi, dada wa marehemu baba yao, alikuwa amehamia pale kumsaidia mama, na hiyo sauti ilimkalia kooni.

"Mimi sielewi," anasema, kashika kikombe. "Maji anaomba nani? Wifi yangu au yule tuliyemzika?"

Mama anabonyeza. "Nyamaza, hujui kitu," anasema marehemu.

Shangazi anaruka, maji yanamwagika. "Unaona? Unaona mwanao anavyonijibu? Mwacheni mtoto wa watu apumzike! Mnunulieni huyu simu yenye sauti ya mashine. Safi, haina kaburi."

"Sauti ya mashine ndiyo aliyoizaa?" Kiraka anafoka kutoka jikoni. "Hiyo hapo ndiyo ya mama. Ikitoka hiyo, na mimi natoka."

Basi ndivyo walivyoishi. Mpaka ile kompyuta ikaanza kukoroma. Kiraka akaifungua, akasikiliza diski yake inavyojikwaruza, akajua huyu hana muda. Akanakili kila kitu mapema, akaleta kompyuta nyingine kutoka kibandani, mpya kidogo, akaiweka mezani sebuleni, hatua chache kutoka kitanda cha mama. Ya zamani akaiacha palepale kitandani, mama aendelee kusemea kwanza.

Programu ikagoma kuwaka kwenye mpya.

Hapo ndipo pa kuelewa, na si pagumu. Programu ya Paithoni haichori dirisha yenyewe. Inaagiza maktaba, yaani rundo la kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine: nichoree dirisha, niwekee kitufe hapa, mtu akibonyeza niambie. Maktaba hizo ziko kadhaa, na mbili kati yake zimefanana mpaka aliyezizaa angezichanganya. Kiraka anaziita Kurwa na Doto, kama mapacha. Kaka aliandika kwa Kurwa. Kompyuta mpya ilimkataa Kurwa kabisa, ikamkubali Doto.

Akampigia Soksi. Soksi alikuwa rafiki wa kaka, mwandishi wa programu, mwenye ndevu na kiatu kizuri, soksi hajawahi kuvaa.

"Wale si mapacha?" Soksi akasema, anatafuna kitu. "Kila palipoandikwa Kurwa, andika Doto. Jina tu. Kwisha."

Kiraka akabadilisha jina. Faili baada ya faili, maana kaka alimtaja Kurwa kila mahali, kama mtu anayetaja mchumba mpya. Akawasha. Dirisha likawaka, vitufe vyote vikaonekana, na kabla hajapumua likazimika. Skrini tupu. Akawasha tena. Likaja, likaondoka. Akatukana. Akawasha. Akarekebisha kitu ambacho hakikuwa na kosa, akawasha. Akapiga meza. Akawasha. Kila mara lilikuwa kama mtu anayechungulia mlangoni, akikuona anarudisha kichwa.

"Nenda zako!" akaiambia kompyuta, akatoka kwenda kumsaidia shangazi kufua mashuka uani.

Jua lilikuwa limesimama katikati. Shangazi kashika shuka upande mmoja, Kiraka upande mwingine, wanakamua. Ndani, sebuleni, ikaita:

"Mama, upo?"

"Mwambie mama yako ajibu," shangazi akasema, kakunja uso.

Kiraka akatega sikio. Ile sauti haikutoka upande wa kitanda. Ilitoka upande wa meza.

"Mama, upo?" Tena. Na kabla haijaisha, ikaja nyingine juu yake, "Mama, upo?" na nyingine nyuma yake, zinakanyagana, sauti ileile, pumzi ileile, kama watoto wa mtu mmoja wamerudi kutoka shule pamoja wanamtafuta mama yao nyumba nzima. Upo? Mama, upo? Mama... upo?

Shangazi akaachia shuka. Likaanguka kwenye udongo, hakuna aliyeliangalia.

Wakaingia. Kwenye kompyuta mpya hapakuwa na kitu. Hapana dirisha, hapana kitufe, skrini ya bluu tupu kama ukuta wa zahanati, na ndani ya ukuta huo kaka anaita. Kitandani mama alikuwa katoa macho. Kidole chake cha kushoto kilikuwa kinatafuta, kikapata kitufe kwenye kompyuta ya zamani.

"Nipo," kompyuta ya zamani ikasema, na hanga ikagonga, ko.

"Mama, upo?" ikauliza mpya.

"Nipo."

"Mama, upo?"

"Anajijibu," shangazi akanong'ona, mgongo kaubandika ukutani. "Mwanangu anajijibu mwenyewe. Zima! Kiraka, zima!"

Mama akabonyeza tena, kwa nguvu. "Ni..." ikasema ya zamani. Ikakoroma, ikakwaruza, ikanyamaza. Taa yake ya mbele ikafifia na haikurudi tena. Mama akabonyeza kitufe kilichokufa, akabonyeza, akabonyeza. Halafu akamwangalia Kiraka, na macho yale hayakuhitaji kitufe chochote. Alikuwa amefungiwa tena ndani, safari hii mtu aliyemfungulia mwanzo hayupo.

Kiraka akachomoa spika ili zile sauti zinyamaze kidogo, akapiga simu. Matusi aliyompa Soksi siyataji hapa. Soksi akafika jasho linamtoka, akachomeka spika ili asikie. "Mama, upo?" Akaanza kucheka. Kisha akaitambua sauti, kicheko kikamkatikia mdomoni. Alikuwa hajaisikia tangu makaburini.

"Uliwasha mara ngapi?" akauliza polepole.

"Nijue nimewasha mara ngapi? Nilikuwa nahesabu au nalia?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Dirisha hukulishika. Kwenye Paithoni kitu ambacho hakishikwi na jina lolote kinafagiliwa, kama uchafu. Kaka yako alilitengeneza lile dirisha hakulipa jina la kudumu. Kurwa alikuwa anamshikia, kimyakimya. Doto hashiki cha mtu. Dirisha limekufa palepale, lakini programu yenyewe hakuna aliyeiambia ife. Imebaki humo. Saa yake inatembea, ikifika muda wake inauliza."

"Na hao wote?"

"Kila ulipowasha ulimwasha mmoja. Wako humo gizani, na kila mmoja anajiona yuko peke yake na mama."

Shangazi akakaa chini sakafuni, taratibu, kama mzigo unaoteremshwa kwa kamba.

Ikabidi kuwamaliza. Kiraka akafungua pale kompyuta inapoonyesha programu zinazotembea, akawaona wamepangana, jina moja, mstari juu ya mstari. Ukichagua mmoja, kompyuta inakuuliza: Maliza? Akamaliza wa kwanza. Sauti moja ikapungua. Akamaliza wa pili. Vidole vyake vilivyozoea kufungua skrubu bila kutazama vilikuwa vinakosea kitufe. Alishamzika kaka yake mara moja, kwa koleo, na watu wakimshika mabega. Sasa alikuwa anamzika tena, mmoja mmoja, na huyu bado anaita.

Akabaki mmoja. Kidole kikagoma.

"Mmalize, mwanangu," shangazi akasema. Safari hii hakufoka. "Mwenzio amechoka kuita."

"Mama, upo?"

Na mama, bila kompyuta, bila kitufe, akafungua mdomo. Shingo ikakaza. Ikatoka sauti moja ya kukwaruza, haikuwa neno, haikuwa kitu unachoweza kuandika, lakini ilikuwa yake. "Mmh."

Kiraka akabonyeza. Nyumba ikawa kimya kabisa, ule ukimya wa nyumba ambayo wageni wa msiba wameondoka.

"Haya," Soksi akasema, anafuta macho kwa mkono wa shati. "Tulishike dirisha, mstari mmoja tu, kwisha."

"Wewe ukisema kwisha tena nakutoa jino! Leo Doto. Kesho na Doto akikataliwa? Namzika tena nani?"

Akamsukuma pembeni, akakaa yeye. Kila mahali kaka alipomtaja Kurwa, akafuta. Akaandika faili moja jipya, akaliita Mlango. Faili hilo peke yake ndilo linalojua majina ya maktaba. Programu iliyobaki ikitaka dirisha inabisha Mlangoni, basi. Mlango unaangalia nani yupo nyumbani. Kurwa yupo? Anaitwa Kurwa. Hayupo? Anaitwa Doto. Palipo na tofauti kati yao, maana hata mapacha wana tofauti, kama ile ishara ya kitufe kubonyezwa ambayo kila mmoja anaiita kwa jina lake, Mlango unatafsiri. Na dirisha likishazaliwa Mlango unalishika, hauliachii mpaka mtu alifunge mwenyewe. Likifungwa, programu nzima inakufa nalo. Vizuri. Kwa heshima.

Soksi akaleta kompyuta kuukuu kutoka kibandani, yenye Kurwa. Wakaweka programu ileile kwenye zote mbili, bila kugusa mstari. Hii kwa Kurwa, hii kwa Doto. Madirisha yakafunguka pande zote mbili, yakatulia. Kiraka akamvutia mama ile mpya, akakishika kidole chake cha kushoto, akakiweka juu ya vitufe.

Kila mtu akangoja, hata shangazi, hata nzi aliyekuwa kwenye pazia nadhani alingoja. Mama akamwangalia Soksi kuanzia ndevu mpaka miguu isiyo na soksi, akabonyeza.

"Muone kwanza!"

Shangazi ndiye aliyecheka wa kwanza, kwikwi ikamshika, akalia humohumo. Kisha akabonyezewa "Kiu," akainuka kuleta maji, na hakuuliza anayeomba ni nani.

Msidhani iliisha. Shangazi mpaka leo hapiti karibu na lile kabati la nguo bila kubisha hodi. Na Kiraka, akifunga programu yoyote, ya mteja yeyote, hazimi kompyuta kabla hajaangalia kama kuna mtu amebaki ndani. Mara nyingine yuko kibandani, mashine zote zimezimwa, umeme wenyewe hakuna, anasikia nyuma yake: ko. Hageuki. Anasema tu kwa sauti, "Nipo," anaendelea kukaza skrubu.

Sasa wewe. Wewe uliyeandika programu ambayo kuna mtu anaitegemea, halafu umeipigilia misumari kwenye maktaba moja, jina lake kila faili, na unajua wewe peke yako. Leo unapumua, kesho hujui. Inuka. Toa hayo majina yote, yaweke nyuma ya mlango mmoja. Jaribu kwa maktaba nyingine, kwenye kompyuta nyingine, si hiyo yako uliyoizoea. Shika dirisha lako. Halafu mwite mtu mmoja mwingine, mdogo wako, jirani, yeyote, mwonyeshe mlango ulipo. Leo, kabla jua halijazama. Fanya.