Mwanya Katika Miwa

Miaka ile ya sukari, huku kwetu magharibi ya mji wa Kakamega, miwa ilipandwa hadi karibu na kuta za nyumba. Mume wangu aling'oa migomba, akalima malisho ya ng'ombe, akabakiza njia ya kupita mtu mmoja na mtungi wake. Simlaumu. Watoto wetu walisomeshwa na miwa ile, nami humshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini miwa ikikomaa, ukisimama mlangoni huoni jirani wala barabara. Unaona majani tu, na kuyasikia yakisuguana.

Mavuno ya mwanzo yalinikuta na mtoto mgongoni, nikipikia watu, sikuwa na nafasi ya kuinua macho. Halafu kitinda mimba wetu akaenda shule ya bweni, nami nikiwa nimeshapita miaka arobaini. Mwaka huo wakataji wa kampuni ya sukari walivuna, trekta zikabeba, na kesho yake nikatoka alfajiri kuomba mlangoni kama kawaida yangu.

Mashariki kabisa, juu ya weusi wa msitu, niliona milima ya Nandi.

Chini ya milima ile, ng'ambo ya Shinyalu, ndiko nilikozaliwa. Nikiwa msichana nilizoea kupanda mwamba ulio nyuma ya boma letu na kuongea na Mungu kwa sauti. Nilimwambia kila kitu: ninayempenda, ninayemchukia, kwamba nataka kuhubiri. Baba alikuwa akisikia kutoka zizini, akicheka kwamba binti huyu atamchosha Mwenyezi.

Asubuhi ile niliomba kwa ajili ya mume, watoto, mvua, na wagonjwa wa kanisani. Kisha nikajifikia mimi mwenyewe, nikanyamaza. Sikuwa na neno hata moja. Nilisimama pale nikimtamani yule msichana kama mtu anavyomtamani ndugu aliyehamia mbali, hadi nikasikia harufu ya uji unaoungua.

Muwa ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki chake bila kupandwa. Zilipopita wiki chache machipukizi yalikuwa yamefika magotini, nami nikajua kwamba mwaka ujao sitaona kitu. Jioni nikamwomba mume wangu aniachie mwanya mbele ya mlango, upana wa nyumba tu, nipande njugu ambazo hazipandi juu.

Aliuliza njugu za nini. Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kuona milima.

"Mama watoto," akasema, "mlima unalipa karo?"

"Haulipi, Baba. Lakini nikiuona, nakumbuka kwamba hata mimi nina la kuomba."

Alikula ugali wake wote kabla ya kujibu. Akasema wenzake watamcheka sokoni, kwamba amepata mke mtalii. Halafu akasema ning'oe mwenyewe, kwa sababu yeye hatashika jembe kung'oa karo ya watoto wake.

Nikang'oa. Visiki vya miwa vina mizizi migumu, na mgongo ulinikumbusha umri wangu. Nilipanda njugu, na miwa ikainuka pande zote mbili kama kuta. Kila alfajiri nilisimama katikati. Siku nyingi ukungu ulificha milima, nami nilingoja. Maneno yalirudi taratibu, machache, tena si yale ya msichana. Yule sikumpata. Nilichopata ni kumwambia Mungu kwamba ninamkosa msichana yule.

Asubuhi moja mume wangu alitoka na kikombe cha chai, akasimama kando yangu. Alikuwa amefika kwetu mara nyingi kwa barabara, tangu siku za kupeleka ng'ombe wa mahari, lakini hakuwahi kupatazama kutoka hapa.

"Kwenu ni upande gani?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole. Alipatazama kwa muda mrefu, chai ikipoa mkononi.

"Kumbe tulikuleta mbali," akasema.