Kaka Aliyelisha Vimelea

Simu ilinikuta nje ya kanisa, ibada imekwisha, watu bado wanasalimiana. Sauti ya mwanamume nisiyemjua iliuliza kama mimi ndiye mdogo wake yule fundi wa maabara.

"Ndiye mimi."

"Mimi ni mkuu wake wa kazi. Dada, umekaa?"

Nilikuwa nimesimama juani. Nikamwambia aseme tu.

Alisema alipita kazini asubuhi kuchukua miwani yake, akaona chakula cha vimelea kwenye chupa za kaka kimegeuka manjano. Chakula hicho ni maji ya rangi ya waridi, na hugeuka hivyo kisipobadilishwa. Mikononi mwa kaka hakikuwahi kugeuka. Mkuu alikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichopanga kaka, akamwita mwenye nyumba, wakavunja kitasa. Kaka alikuwa kitandani, amejifunika vizuri. Presha, daktari alisema.

Kazi yake ilikuwa kufuga vimelea vya malaria ndani ya chupa, kwenye damu, katika kabati lenye joto kama la mwili. Nyumbani walimwita Baba Vidudu. Kila siku, hata Jumapili na sikukuu, alimwaga chakula kilichochakaa, akaweka kipya, akatazama tone la damu kwa hadubini. Chupa nyingine alizitia dawa ya malaria kidogo kidogo, akangoja kuona nani atabaki.

Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana akanionyesha.

"Hawa waliobaki wameizoea dawa?" nilimuuliza.

"Hapana, mama. Hakuna aliyejifunza kitu. Vimelea vinapozaana, vinasaba vyao vinanakiliwa, na mara mojamoja kunatokea kosa. Aliye na kosa linalomkinga na dawa, siku za kawaida ni mzigo kwake, wenzake wanampita. Dawa ikiingia, wenzake wanakufa, yeye anazaa. Baadaye chupa nzima ni wajukuu zake."

"Na Mungu yuko wapi hapo?"

"Mimi nimesema hayupo?"

Akagonga chupa nyingine kwa ukucha. "Hawa ni wenyeji, wako hapa kabla yangu. Ndani ya mtu, baadhi ya vimelea huacha kuzaana, wakawa dume na jike wa kungoja mbu awachukue. Chupani mbu haji. Anayengoja hazai, asiyengoja anajaza chupa. Sasa ukisoma vinasaba vya hawa, ile sehemu ya kumwandalia mbu imeharibika. Hata mbu akija leo, hawana cha kumpa."

"Kama wewe. Harusi huendi, kuoa hutaki."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mimi mbu wangu alinusa akapita."

Mama alipofariki, chupa moja yenye dawa ilikuwa imekaa muda mrefu kama tupu, halafu vimelea wakaanza kuonekana, mmoja hapa, mwingine pale. Mwenzake wa kumshikia zamu alikuwa mgonjwa. Angeondoka wangekufa, na ndio waliokuwa wakingojwa mwaka mzima. Kaka alifika mama ameshazikwa. Alipiga magoti kaburini peke yake, mkoba bado begani. Aliporudi uani, baba mdogo hakumpa mkono. Tangu hapo hakuitwa tena kwenye jambo lolote la ukoo, na yeye hakuuliza.

Hata hivyo nilimpigia baba mdogo.

"Baba, kaka amefariki."

Akasema, "Mungu amlaze. Watamzika hao vidudu wake."

"Baba, jeneza halijibebi."

"La mama yake lilijibeba?"

Nilipiga simu kwa wengine. Kila mmoja alinipa pole nyingi, kisha akanieleza kazi yake, mguu wake, mgeni wake. Chakula cha waombolezaji hakikunisumbua, maana waombolezaji wenyewe hawakuwepo. Nilichoogopa ni kaka kuingizwa ardhini na wageni, kama mtu aliyeokotwa. Nilisali nipate tu wanaume wa kumnyanyua, wa damu yetu angalau mmoja.

Tulimzika Jumatano. Walikuja mkuu wake, wafanyakazi wawili wa maabara, mlinzi wa getini na mwenye nyumba. Wa ukoo hakuja mtu. Jeneza lilikuwa na vishikio sita. Mchungaji alitazama lango la makaburi, akatazama saa yake, akaniuliza kwa upole kama tuendelee kungoja.

"Hapana," nikasema. Nikavua viatu, nikashika kishikio cha nyuma.

"Dada, tuachie," mlinzi akasema. "Tutajitahidi sisi wanaume."

"Wa nyumbani kwake ni mimi."

Hakubisha. Tulikwenda polepole, maana mimi ni mfupi na upande wangu ulikuwa unashuka. Mlinzi, aliyekuwa mbele yangu, alipinda magoti ili tulingane. Tulimteremsha kwa kamba. Mchungaji akasoma, akaomba, kila mmoja akatupa udongo wake. Wafanyakazi wa maabara walishika sepetu, wakafukia. Tuliimba ubeti mmoja tu, kwa sababu hakuna aliyejua wa pili. Nikasema amina, nikavaa viatu, tukatoka.