Jiwe la Mama Mbele ya Duane

Kuna siku moja isiyonitoka kichwani, Kambale, mwanangu wa jirani, na nakuandikia kwa sababu juma lijalo unapanda ndege Kigali kwenda kusoma Ubelgiji, na nyanya yako, Mama Kavira, hayupo tena wa kukufungulia valizi, sanduku lako la safari. Angekuwepo, mimi ningekaa kimya. Goma nzima hakuna aliyejua mambo ya duane, yaani forodha, kumshinda yule mama. Alitoka Butembo na biashara yake ya viatu, akaenda Dubai, akaenda China, akarudi, akaenda tena, hadi nadhani ndege zenyewe zilikuwa zinamwamkia.

Wakati ule nilikuwa kijana, nimetoka tu kupata diploma yangu kwa masomo ya jioni, pale mtaa wa Mapendo, ambako umeme ulikatika kila nilipokaribia jibu. Nilijiona profesa. Ofisi niliyofanyia kazi ikanichagua kwenda Ubelgiji kwa mafunzo mafupi, na habari ikaenea mtaani kwetu Murara kabla mimi mwenyewe sijamaliza kuisikia.

Lakini furaha ile ilikuwa na shimo katikati. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tulizaliwa wawili tu, mimi na dada yangu Nabintu, na Nabintu alikuwa Liège, huko huko Ubelgiji, anasubiri karatasi za ukaaji. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi. Kwa hiyo mama alizikwa mtoto mmoja akiwa kando ya kaburi, mwingine akilia ndani ya simu. Nabintu aliposikia nakwenda, hakuomba nguo wala chakula.

"Bahati, uniletee udongo wa mama. Hata wa kujaza mukono tu. Niko peke yangu huku, sina hata pa kupiga magoti."

Nikaenda makaburini, nikachota. Udongo nikautia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, mkebe ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini kabisa ya valizi. Juu yake nikapanga fromaji, jibini ya Masisi, duara zima, na sambaza, samaki wadogo wakavu wa ziwani, wa kulisha kikosi. Valizi yenyewe nilikuwa nimeiazima kwa nyanya yako. Ilikuwa kubwa, mtu angeweza kuipangisha kwa familia ndogo. Mchana ule akaja kuona kama sijaharibu kufuli yake.

"Funguwa," akasema.

"Mama, nimeshafunga."

"Valizi ni yangu. Funguwa."

Akaanza na fromaji. "Hii ni ya nani?"

"Ya dada. Kule hawana kama ya Masisi."

"Kule maziwa na nyama ya kutoka huku haviingie, hata kipande. Hii inabakia na mimi." Na ilibaki naye, mwanangu, nusu aliila baba yako. Sambaza akawaacha, akasema samaki wakavu wa kula nyumbani wanapita. Kisha mkono wake ukafika kwenye kiatu, kwenye soksi, kwenye mkebe. Akafungua, akanusa, akaniangalia.

"Udongo?"

"Wa kaburi la mama."

Nilidhani atalia pamoja nami. Badala yake akaniwakia kwa sauti ambayo volkano yetu Nyiragongo ingeisikia ingezima moto wake. "Weye mutoto wa masomo! Udongo haupite kule, wanaogopea mashamba yao magonjwa. Na tena unauficha! Wakiupata, unafikiri watakurudishia? Watautupa mu pubeli, mu takataka. Utasimama pale na suti yako, unaangalia mama yako anaingia mu pubeli?"

Nikakaa sakafuni kando ya valizi, na machozi yaliyonikwepa siku ya mazishi yakanikuta hapo. Nyanya yako akakaa na yeye chini, akasubiri. Nilipotulia akaniuliza polepole, "Kaburi walilichimba mu nini?"

"Mu mawe, Mama. Si unajua Goma yetu."

"Basi umurudishie udongo wake, uchukuwe jiwe. Ulioshe hadi lisibakie na chembe, na litapita. Na ukifika, usifiche. Pitia mulango wa wale wenye kitu cha kusema, useme."

Wachimbaji walikuwa wamevunja lava siku nzima kumpatia mama nafasi, na vipande vyeusi bado vilikuwa vimezunguka msalaba. Nikaurudisha udongo, nikachagua kimoja cha ukubwa wa andazi, nikakisugua kwa mswaki wangu wa meno hadi ikabidi ninunue mwingine.

Mpakani, nikielekea Kigali kupanda ndege, afisa wetu akalizungusha jiwe mkononi. Jiwe linalotoka Kivu, kwenye madini yetu, mwanangu, haliendi hivi hivi.

"Shefu, hii ni koltani?"

"Ingekuwa koltani, ningevaa viatu hivi?"

Akatazama viatu vyangu, akanihurumia, akaniacha nipite.

Uwanja wa Brussels ulikuwa mrefu kama kutoka hapa hadi Sake. Mwisho wake palikuwa na njia mbili za kutokea: ya kijani kwa wasio na kitu cha kutangaza, nyekundu kwa walio nacho. Ndege nzima ikaingia kijani. Kwenye nyekundu nilikuwa mimi na kivuli changu, na sijawahi kujisikia peke yangu kama pale. Mama mmoja wa duane akafungua sambaza, akafunga haraka sana. Akafungua kitambaa nilichokuwa nimelifungia jiwe.

"Hiki ni nini, bwana?"

"Ni jiwe la kaburi la mama yangu. Nampelekea dada, hakuweza kuja kumzika. Nimeliosha. Udongo nimeuacha nyumbani."

Akalipitishia kidole, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akalifunga tena, vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, akanirudishia kwa mikono miwili.

Chumba cha Nabintu kilikuwa na kiti kimoja. Kiti hicho kilinieleza yote ambayo hakuwahi kuniambia kwenye simu. Akaliweka jiwe juu ya kile chuma cha ukutani cha kupashia nyumba joto, likapata moto, akalikumbatia kifuani. "Sasa na mimi nimemuzika," akasema. Mafunzo yakaisha, nikarudi. Jiwe likabaki naye.

Kwa hiyo, mwanangu, sheria za kule usizichukue kwenye maneno ya mtaani. Uliza kabla ya kufunga valizi, maana kila nchi ina zake na zinabadilika. Nyama na maziwa acha hapa. Pombe na sigara zina kipimo cha kila msafiri. Wewe achana nazo kabisa. Pesa zikifika euro elfu kumi lazima uzitamke. Mzigo huo mimi haujawahi kunielemea! Ukiwa na shaka, pitia njia nyekundu. Ulichokitamka wanaweza kukichukua. Ulichokificha wanakichukua pamoja na heshima yako, na faini juu. Na jirani atakayekuletea kifurushi cha mtoto wake, usimwonee haya. Kifungue mbele yake.

Mimi pia nina kifurushi changu. Nabintu alifariki kule wakati wa mvua iliyopita. Niliangalia mazishi kwenye simu hadi mega za intaneti zikaniishia, sikuona wakimfunika. Jiwe analitunza rafiki yake wa kanisani, hapo hapo Liège unapokwenda. Tangu uwanja wetu wa ndege ufungwe, Murara iliyo kando yake imenyamaza hadi nasikia saa ya ukutani kama nyundo, na nyumba hii ina viti sita, nakalia kimoja.

Ukirudi likizo, niletee. Hata mimi usiniamini: fungua kitambaa, tazama, lioshe tena. Mpakani wakikuuliza ni nini, usiseme ni jiwe tu. Sema ni mama na binti yake wanarudi Goma, na kuna mtu anawangoja.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila foleni. Kila atakayefungua valizi yako akute kile tu ulichokitamka. Na popote utakapolala, pawe na kiti cha pili.