Mtihani wa Mbuke

Hadi leo nikimkumbuka Bwana Mseti, mtahini wa kisomo cha watu wazima, damu inanichemka. Alimkosea mama yangu mdogo, Mbuke. Na sisi tulionyamaza tulimkosea zaidi.

Mwaka 1975 hapakuwa na mtu Manyamanyama aliyeijua pamba kama Mbuke. Shamba la kijiji lilipovunwa, kamati ilimkabidhi yeye kazi ya kuchambua. Alikaa juu ya gunia akivuta pamba kwa vidole gumba, safi kulia, fifi, ile iliyochafuka, kushoto, huku akitusimulia habari za watu bila kuangalia mikono yake. Darasani alikuwa vivyo hivyo. Kitabu cha kilimo bora alikimaliza chote, kisha akamsahihisha mwalimu Felisiani kuhusu siku za kupalilia.

Siku ya mtihani, mwezi wa Agosti, Bwana Mseti alikuja na suruali iliyopigwa pasi, akampa Mbuke karatasi mbele ya darasa zima. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Magesa amevuna pamba." Magesa ni jina la baba mkwe wake. Kwetu mwanamke halitamki jina la mkwe, hata mkwe awe amekwisha kufa, na kila mwanamke aliyekuwapo alilijua hilo. Bwana Mseti naye ni mtu wa Mara, angeweza kuuliza. Hakuuliza.

"Neno la kwanza tu, mama," akasema.

Mbuke akanyamaza.

"Sasa nyie mnamalizaga chaki ya serikali ya nini? Hata ndama angekuwa ameshajua."

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na mwalimu Felisiani, aliyemjua baba mkwe huyo kwa jina, akageukia dirishani. Mbuke alipopewa sentensi nyingine, isiyo na jina la mtu, machozi yalikuwa yamemjaa na herufi zimechanganyika. Penye "shamba" akasoma "jembe". Akaambiwa akae.

Ungedhani mambo yangeishia pale. Kesho yake alichambua gunia moja mara tatu. Akanishikisha pamba na kuniuliza, "Hii ni safi kweli? Mimi naonaga ni safi, lakini sijui." Mbuke ananiuliza mimi, msichana ambaye pamba niliijulia mgongoni tu, kwa kuibeba. Usingizi ukampaa, chakula akakiacha, kichwa kikamuuma. Zahanati wakampa vidonge, kana kwamba dharau ni malaria. Mwisho wa mwezi pamba ya kijiji ikakataliwa sokoni, safi na fifi zimo gunia moja. Kamati ikasema ikitokea tena, kazi hiyo apewe mwingine.

Hapo nikamwendea Felisiani, nikamwambia maneno ambayo msichana hamwambii mwalimu wake. Hakujitetea. Alikuja nami hadi kwenye magunia, akasimama mbele ya wanawake wote.

"Mama, nilijua kwa nini ulinyamaza," akasema. "Niliogopa kupoteza kazi, nikakuacha uchekwe. Wewe unasomaga kuliko hawa wote, na mimi ndiye ninayejua."

Mbuke aliendelea kuchambua. Lakini siku iliyofuata alikuja na kitabu chake, akakiweka gotini na kutusomea ukurasa mmoja kabla ya kuchambua. Alipokwama alirudia. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anatusimulia tena habari za watu, na magunia yake hayakurudishwa.

Oktoba Bwana Mseti akaja kugawa vyeti. Sasa sikiliza dharau ya pili. Kijiji kizima kilikuwa kimefaulu, na Mbuke naye yumo. Bwana huyo alitaka ripoti yake ipendeze, akaandika wote wanajua kusoma, hata yule aliyemlinganisha na ndama. Watu wakapiga makofi.

Mbuke alikipokea cheti, lakini hakurudi kukaa. Alianza kukisoma kwa sauti, neno kwa neno, kuanzia juu hadi ilipoandikwa tarehe ya mtihani.

"Hapa mmeandika nilisoma Agosti," akasema. "Agosti sikusoma. Nimesoma leo. Badilisha tarehe, Bwana."

Bwana Mseti akacheka, akatutazama ili tucheke naye. Hakucheka mtu. Akatoa kalamu.